Kujiandaa kwa mitihani ya aktuari ukiwa kazini: somo kwa wanachama wa Mbeya, Iringa na Njombe

Ndugu wanachama, somo hili ni kwa wanaotaka kuwa aktuari, yaani wataalamu wa kukokotoa hatari za kifedha katika bima na pensheni, na wanaojiandaa kwa mitihani miwili ya awali ya Society of Actuaries (SOA) ya Marekani, yaani P, unaohusu nadharia ya uwezekano, na FM, unaohusu hisabati ya fedha. Wengi wetu tulizoea chuoni kukesha na daftari usiku wa kuamkia mtihani tukafaulu. Mazoea hayo hayafui dafu hapa, kwa kuwa kinachopimwa zaidi ni wepesi wa kutambua swali linataka nini kabla dakika zake hazijaisha.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya muda kabla ya kulipia mtihani. P una maswali 30 ya kuchagua jibu kwa saa 3, na FM una maswali 30 kwa saa 2 na nusu. Kila swali, basi, lina dakika 6 au 5. Watahiniwa wengi hufuata kanuni ya saa 100 za maandalizi kwa kila saa ya mtihani, hivyo P unadai takriban saa 300. Mwajiriwa anayepata saa 2 kila jioni ya siku za kazi na saa 5 Jumamosi ana saa 15 kwa wiki, maana yake ni wiki 20. Tafadhali msipange ratiba ya alfajiri kwa mwezi wa sita na wa saba. Baridi ya Uyole na ya Njombe tunaijua, na ratiba isiyofuatwa ni bora isiandikwe.

Hatua ya pili: gawanya saa hizo kwa uzito wa mada. Katika P, mada ya kigeu nasibu kimoja (kiasi kimoja ambacho thamani yake hutegemea bahati) peke yake hubeba karibu nusu ya mtihani, kwa hiyo anayetumia mwezi mzima kwenye seti na mipangilio anajidhulumu.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha somo: fanya maswali mengi, kisha uchunguze kila kosa. SOA hutoa maswali ya mfano bila malipo pamoja na majibu yake, na hayo yatangulie kabla ya kununua chochote. Chukulia swali la aina hii. Hasara ya mzigo wa lori linaloelekea Tunduma ina mgawanyo wa eksponenshali wenye wastani wa shilingi 1,000,000, na bima ina ekses ya shilingi 500,000, yaani sehemu ya hasara ambayo mwenye mzigo hujibebea mwenyewe kabla kampuni haijalipa. Kampuni inatarajia kulipa wastani wa kiasi gani kwa kila hasara? Mtu mmoja atatoa 500,000 kutoka 1,000,000 na kuridhika. Mwingine, anayekumbuka kwamba mgawanyo huu hauna kumbukumbu (yaani hasara ikishazidi ekses, wastani wa kinachozidi unabaki uleule), atajibu 1,000,000, na huyu amekaribia zaidi kwa njia, si kwa tarakimu, ila amekokotoa wastani kwa zile hasara tu zilizozidi ekses. Uwezekano wa hasara kuizidi ekses ni e (namba maalumu ya hisabati, karibu 2.718) kwa kipeo cha hasi 0.5, yaani karibu 0.6065, na ukizidisha kwa 1,000,000 unapata takriban shilingi 606,531, ambalo ndilo jibu. Mtunga mtihani anayajua makosa hayo yote mawili, na usishangae kuyakuta kati ya machaguo.

Ndiyo maana daftari la makosa lisiishie kuandika jibu sahihi. Andika pia chanzo cha kosa: hukuijua kanuni, hukulielewa swali, au ulikosea kukokotoa. Chanzo cha kwanza kinakurudisha kitabuni. Cha pili kinatibiwa kwa kusoma maswali taratibu na kupigia mstari maneno kama «kwa kila hasara» na «kwa kila malipo» (yaani kwa zile hasara tu zilizozidi ekses).

Hatua ya nne: fanya mazoezi kwa kikokotoo kilekile utakachoingia nacho, kutoka orodha inayoruhusiwa. Wanaotumia kikokotoo cha fedha cha BA II Plus kwa FM wajizoeze kufuta thamani za swali lililopita, na waangalie kama alama ya BGN (mwanzo wa kipindi) imebaki kwenye kioo, kwa kuwa ikibaki kikokotoo kitahesabu malipo kuwa ya mwanzo wa kipindi bila kukuonya.

Hatua ya tano: wiki za mwisho, changanya mada na ujipime kwa saa kamili, mfululizo.

Maswali ya wanachama

Swali (Makambako): Shikamoo mwalimu. Mimi nafundisha sekondari. Nianze na P au FM?

Jibu: Marahaba. SOA haikulazimishi mfuatano wowote. Kama uwezekano bado uko kichwani tangu chuoni, anza na P. Aliye benki au kwenye mfuko wa pensheni, anayekutana na riba na hatifungani kila siku, mara nyingi huona FM ni mwepesi zaidi kwake.

Swali (Iringa mjini): Mwajiri wangu anataka mitihani ya Uingereza. Mbinu hizi zinafaa?

Jibu: Zinafaa, lakini karatasi zenyewe ni tofauti. CS1 (takwimu) na CM1 (hisabati ya aktuari), mitihani ya IFoA, chama cha aktuari cha Uingereza, zina karatasi A ya kueleza na kukokotoa, na karatasi B ya kompyuta, ambapo CS1 hutumia R, lugha ya kompyuta ya takwimu, na CM1 hutumia Excel. Usisome R kwa macho. Andika msimbo mwenyewe tangu wiki ya kwanza.

Swali (Tukuyu): Nilipata 5 kwenye P. Nirudie kitabu chote?

Jibu: Pole, dada. Alama hutolewa kati ya 0 na 10 na ufaulu huanzia 6, kwa hiyo ulikuwa jirani kabisa. Weka kitabu pembeni, fungua daftari la makosa, na ufanye mitihani ya majaribio iliyochanganywa. Hakikisha pia hukuacha swali lolote wazi, maana jibu la kubahatisha likikosewa halikatwi alama.