Somo: Pima kamba kabla hujaishikia panga

Habarini ndugu zangu wa kamati za misitu ya vijiji, Kigoma na Tabora. Leo tuzungumze kamba. Siyo za nailoni. Nasema ile mitambaazi yenye shina gumu kama mti, inayoota chini na kwenda kukunjua majani juu ya vichwa vya miti. Wataalamu huiita liana. Mbungo ni mmojawapo, na aliyekulia Kigoma hahitaji kuelezwa.

Kilichonifanya niandike ni kikundi kimoja kilichofyeka kamba zote za bonde la mto kikiamini kinaongeza kaboni, yaani ile ambayo miti huivuta kutoka hewani na kuiweka kwenye mbao zake. Kilikuwa sahihi nusu: kamba huuzuia mti kukua, ila si kila kamba ni ya kukata.

Mti hutumia sehemu kubwa ya chakula chake kujenga shina, maana usiposimama wenyewe umekwisha. Kamba imepata pa kuegemea, kwa hiyo inajenga shina jembamba lenye mishipa mipana ya maji, kisha inatajirika kwa majani. Jani likidondoka huoza upesi na kaboni yake kurudi hewani, ila mbao za mti hukaa nayo miaka mingi. Na mti uliobebeshwa mzigo huo unanyimwa jua juu na kugombea maji chini. Kule Panama, kuanzia 2011, watafiti walikata kamba katika viwanja 8 vya msitu, kila kimoja mita 80 kwa 80, wakaacha vingine 8 kama vilivyo. Katika miaka mitatu ya kwanza waliona kwamba kamba zinapunguza ongezeko la kaboni juu ya ardhi kwa karibu asilimia 76 kwa mwaka. Huo ni msitu wa kule na mvua zake. Usiichukue hiyo 76 ukaiandika kwenye ripoti ya Uvinza. Nimeshaiona.

Hatua ya 1. Pimeni kiwanja cha mita 20 kwa 20 kando ya mto, mpige vigingi kwenye pembe nne.

Hatua ya 2. Pima mti kwa futi ya fundi cherehani, mita 1.3 kutoka ardhini. Gawa mzunguko kwa 3.14 upate kipenyo. Mzunguko wa sentimita 94 ni kipenyo cha 30.

Hatua ya 3. Pima kamba. Hapa ndipo wengi tunaharibu. Kamba hupanda, ikashuka, ikagusa ardhi, ikatoa mizizi, ikapanda tena. Tafuta mahali pa mwisho ilipotia mizizi kabla ya kupanda juu, kisha fuata shina lenyewe kwa mita 1.3, hata kama limelala. Usipime kimo kutoka ardhini. Ile nyembamba kuliko sentimita 1 iache. Mwaka wangu wa kwanza niliandika kamba nne kwenye daftari. Mwenzangu akaivuta moja, zote nne zikatikisika. Tangu siku hiyo natikisa kwanza, naandika baadaye.

Hatua ya 4. Simama mbali kidogo, angalia kichwa cha mti, uupe alama: 0 hakuna kamba, 1 hadi robo ya kichwa imefunikwa, 2 hadi nusu, 3 hadi robo tatu, 4 zaidi ya hapo. Muwe wawili, kila mmoja aandike bila kumchungulia mwenzake.

Hatua ya 5. Linganisha. Kamba ya kipenyo cha sentimita 5, kwa kanuni zinazotumika, ina kama kilo 17 za uzito mkavu. Mti wa sentimita 30 wenye urefu wa mita 18 unaweza kupita kilo 500. Karibu nusu ya uzito mkavu ni kaboni. Kwa hiyo kamba yenyewe haibebi kitu cha kujivunia. Hasara yake iko kwenye kilo ambazo mti umeshindwa kuongeza, na hizo huzioni mpaka urudi kupima mti uleule mwaka unaofuata. Pakeni rangi mlipopimia.

Hatua ya 6. Sasa ndiyo panga. Mimi hukata zile za miti michanga yenye alama 3 na 4 tu. Kata karibu na ardhi, kisha iache ining'inie ioze yenyewe. Ukiivuta unashuka na tawi, pengine na mzinga wa nyuki wa mtu.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Urambo:* Shikamoo mwalimu. Huku kwetu ni miyombo na mininga, kamba sizioni. Tupime nini?

Marahaba. Moto wa kila mwaka hauziachii nafasi. Angalia vichaka vya juu ya vichuguu na kandokando ya mito. Kwenu, kusema kweli, kaboni inaondoka kwa shoka na moto, pamoja na kuni za kukaushia tumbaku. Ningeanzia hapo.

*Mama wa kamati, Kasulu:* Tulikata mwaka jana, zimechipua tena. Tumekosea?

Hapana mama, ndivyo zilivyo. Kisiki huchipua, na panapoingia jua jingi hurudi kwa kasi. Rudini kila mwaka mpaka miti michanga ifunge kivuli.

*Kijana wa Kigoma mjini:* Kaka, na ule mkuyu unaoukumbatia mti mwingine mpaka unauua, nao ni kamba?

Huo ni mti. Huota juu kwenye tawi na kushusha mizizi. Kamba huanza chini. Uandike peke yake.

*Mwanachama, kijiji jirani na Gombe:* Mzee wetu amekataa tusikate mbungo hata mmoja. Tumwambieje?

Msikilizeni. Sokwe wa Gombe na Mahale wanakula sana mabungo, humeza mbegu na kuzipanda kwa kinyesi chao mbali na mti mama. Watoto nao wanayasubiri. Mbungo ulio juu ya mti mkubwa uliokomaa uacheni, mjadiliane naye kuhusu ile iliyolemea miche. Na ndani ya mpaka wa hifadhi panga lisiingie kabisa, hata kama mzee ameridhia.

*Huyohuyo:* Mzee ameshauliza, je, kamba tukiikata tutampa akafumie matenga?

Mpeni.