Ukitaka kuandika maoni juu ya riwaya ya mapenzi ya Uskoti, anza na ngano yenyewe

Riwaya za mapenzi za Uskoti ya kale zina wapenzi wengi, na maoni juu yake hayaishi: "Kitabu kitamu sana." "Nimelia." "Sikukipenda, hakina ukweli." Mtu anayetafuta kitabu cha kununua kwa pesa yake hatoki na kitu hapo. Mimi naishi Edinburgh, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao, na kikundi chetu cha wasomaji, akina dada waliotoka Tanga, Mombasa na Bujumbura, husoma riwaya hizi kwa zamu na kuandikiana maoni kwa Kiswahili kwenye simu. Nataka nieleze ninavyoandika ya kwangu, hasa riwaya inapokuwa imechota kwenye ngano za Waskoti, maana hizo ndizo zinazohukumiwa ovyo kuliko zote.

Kabla hujaandika neno, jua riwaya imesimama juu ya ngano ipi. Mara nyingi mwandishi mwenyewe hutaja, kwenye maelezo yake ya mwisho ambayo wasomaji wengi huyaruka. Wewe usiyaruke. Asipotaja, alama zipo. Ukikuta mtu wa baharini na ngozi iliyofichwa, hao ni selki wa visiwa vya Orkney na Shetland, sili wanaovua ngozi zao na kuwa watu. Farasi mzuri aliyesimama peke yake ukingoni mwa maji ni kelpie, na anayempanda huishia kuzama. Mtu aliyetoweka miaka saba akarudi na ulimi usioweza kusema uongo ni Thomas wa Erceldoune, aliyechukuliwa kwenye vilima vya Eildon na Malkia wa majini, yaani wale viumbe wa ajabu wa ngano wanaoishi ndani ya vilima. Na kama kuna waridi lililochumwa bila ruhusa, msichana mwenye mimba na usiku wa Halloween, yaani tarehe 31 Oktoba, basi umeshika Tam Lin.

Hiyo Tam Lin nitakaa nayo kidogo, kwa sababu waandishi wa mapenzi wanairudia sana. Ni wimbo wa masimulizi. Kisa chake kilishatajwa katika kitabu cha mwaka 1549, na mshairi Robert Burns ndiye aliyepeleka mashairi yaliyochapwa mwaka 1796, ambayo ndiyo yanayojulikana zaidi. Wasichana wamekatazwa kwenda Carterhaugh, mahali anakokaa Tam Lin. Janet anapandisha sketi yake juu ya magoti na kwenda. Anachuma waridi. Tam Lin anatokea na kumuuliza anachuma kwa idhini ya nani. Janet anajibu kwamba Carterhaugh ni yake, baba yake alimpa, na hahitaji idhini ya mtu. Anarudi nyumbani ana mimba, na watu wa nyumbani wanapoanza kumsema anakwenda tena kumkabili yule mwanamume. Hapo ndipo anapoambiwa: Tam Lin ni binadamu, alianguka kutoka kwenye farasi akiwa mawindoni, Malkia wa majini akamdaka. Kila baada ya miaka saba majini hao hulipa zaka jehanamu, na safari hii anaogopa zaka ni yeye.

Njia ya kumwokoa ni moja. Usiku wa Halloween msafara utapita. Janet aache farasi mweusi apite, aache wa kahawia apite, amrukie mweupe na kumvuta mpandaji chini. Kisha amkumbatie na asimwachie. Majini watamgeuza mikononi mwake: nyoka, dubu, simba, chuma chekundu kilichotoka motoni. Janet anashika. Mwisho anabaki na mwanamume aliye uchi, anamfunika kwa joho lake la kijani, na Malkia anabaki akilaani: angalijua, angalimtoa Tam Lin macho yake mawili na kumtia macho ya mti.

Ukishaijua ngano kiasi hicho, swali la maana kuliko yote katika maoni yako linajileta lenyewe: mwandishi amefanya nini na pale mahali pagumu? Kila ngano inapo mahali pake pagumu. Kwa Tam Lin ni ule usiku wa kushika. Mwanamke ndiye anayetoka nyumbani, ndiye anayeungua mikono, ndiye anayeshinda. Riwaya ikimweka Janet wake dirishani mwa ngome akingoja mwanamume mwenye upanga aje kumaliza kazi, sema hivyo bila kuzunguka, kwa sababu mpenzi wa Tam Lin atakayenunua kitabu hicho atajiona ameibiwa. Ikiupitia usiku ule kwa aya mbili na kukimbilia harusi, sema pia. Na ikiwa mwandishi amepata njia mpya ya kuonyesha kushika, kwa mfano kwa kumfanya mwanamume awe amerudi kutoka vitani na mageuzi yanatokea moyoni mwake, basi tumia sentensi zako nyingi hapo, maana hapo ndipo kitabu kilipofanya kazi.

Kwa selki, mahali pagumu ni ngozi. Katika masimulizi mengi, mvuvi anaiba ngozi ya mwanamke wa baharini na kuificha, mwanamke anakuwa mke wake kwa kukosa pa kwenda, anamzalia watoto, na siku anayoipata ngozi yake anarudi baharini na kuwaacha wote. Bibi mmoja niliyekuwa nikimhudumia, mzaliwa wa Orkney, alinisimulia kisa hiki huku nikimpaka mafuta miguu, na hakukisimulia kama hadithi ya mapenzi hata kidogo. Alikuwa anawahurumia watoto waliobaki ufukweni. Mama yao, bibi huyo hakumlaumu. Tangu siku ile kila ninaposoma riwaya ya selki nina swali moja: mhusika wetu wa kiume anajua ngozi iko wapi? Kama anajua na ananyamaza, na mwandishi anatutaka tumpende, mwandishi ana deni kwetu. Wapo wanaolilipa vizuri sana: mwanamume anairudisha ngozi mapema, na kurasa zote zilizobaki ni kungoja kama mwanamke atachagua kubaki. Wengine hawalioni deni lenyewe. Maoni yako yaseme hiki ni kipi.

Sasa historia. Hapa wasomaji hugawanyika: kuna wasiojali kabisa, na kuna wanaokitupa kitabu kwa kosa la kifungo cha koti. Ushauri wangu ni kutazama mahali na mwaka kwanza, mavazi baadaye.

Mahali, kwa sababu Uskoti haikuwa nchi ya namna moja. Carterhaugh iko karibu na Selkirk, pale mito ya Ettrick na Yarrow inapokutana, kusini, eneo la mpakani na Uingereza. Nimefika. Ni nchi ya mashamba, kondoo na vilima vya mviringo, na watu wake walizungumza Kiskoti. Kilti, lile vazi la wanaume mfano wa sketi, na lugha ya Kigaeli ni vitu vya Nyanda za Juu, kaskazini na magharibi. Riwaya inayomhamishia Tam Lin kwenye milima ya kaskazini na kumvika kilti imefanya uamuzi mkubwa, na msomaji ana haki ya kuambiwa. Orkney nako ni kwingine kabisa: visiwa hivyo vilikuwa chini ya wafalme wa Norwe, na viliingia mikononi mwa mfalme wa Uskoti mwaka 1468 kama rehani ya mahari ambayo mfalme aliyetawala Denmaki na Norwe aliahidi kuitoa kwa ndoa ya binti yake na mfalme huyo wa Uskoti. Mkuu wa ukoo anayepiga kelele za vita kwa Kigaeli huko Orkney mwaka 1300 hawezi kuwa na mahali pa kusimama.

Mwaka, kwa sababu una maswali yake. Kisa kikiwa cha wakati wa William Wallace, aliyeongoza Waskoti kupigana na Waingereza, yaani miaka ya 1290, shujaa hana kilti. Vazi lile kubwa la kujifunga mwilini linaonekana mwishoni mwa miaka ya 1500, na kilti fupi tunayoijua ni ya miaka ya 1700. Desturi ya kila ukoo kuwa na tartani yake rasmi, yaani kitambaa chake cha miraba ya rangi, ilishika zaidi baada ya Mfalme George IV kuzuru Edinburgh mwaka 1822. Vita vya Culloden, ambapo jeshi la serikali liliwashinda waasi wengi wao wa Nyanda za Juu, vilipiganwa tarehe 16 Aprili 1746, na sheria iliyotungwa mwaka ule ikawakataza wanaume na wavulana wa Uskoti kuvaa mavazi ya Nyanda za Juu, isipokuwa walio jeshini, hadi mwaka 1782. Kwa hiyo shujaa akitembea mjini na kilti mwaka 1750, natafuta: je, mwandishi anajua kuwa ni hatari? Kama anajua, ile kilti ni ujasiri, na tukio zima linapata uzito. Kama hajui, ni pambo.

Na imani. Hili wengi hulisahau. Katika miaka ya 1600 kusema umekutana na majini kungeweza kukupeleka mbele ya wazee wa kanisa na hakimu. Mwanamke aitwaye Isobel Gowdie, wa Auldearn karibu na Nairn, alikiri mwaka 1662 kwamba aliingia kilimani na kupewa chakula na Malkia wa majini. Alihojiwa kama mchawi, na maneno yake yameandikwa. Sheria dhidi ya uchawi ilikuwapo tangu 1563 hadi 1736. Riwaya ya kipindi hicho ambayo mganga wa kike anaongea habari za majini sokoni bila kushusha sauti imepoteza hofu iliyokuwa ndani ya ngano hizi.

Lakini usikimbilie kusema "kosa" kabla hujahakikisha. Mfano ni ndoa. Wapenzi wanaofungwa mikono kwa kitambaa na kuishi pamoja kwa mwaka na siku moja kwa majaribio wamejaa kwenye riwaya hizi, na wanahistoria wanaitilia shaka sana desturi hiyo. Hata hivyo, mwanamume na mwanamke kutamka tu kwamba wameoana, bila kasisi, ilikuwa ndoa halali katika sheria ya Uskoti hadi mwaka 1940. Kwa hiyo tukio la harusi ya ghafla kando ya moto linaweza kuwa sahihi kabisa. Vivyo hivyo mke aliyebaki na jina la ukoo wa baba yake: ndivyo wanawake wa Kiskoti walivyofanya.

Ukimaliza hapo, zungumzia mapenzi yenyewe, kwani ndiyo yaliyomleta msomaji. Sema wanapendana kwa nini. Nikishindwa kutaja tukio moja ambalo moyo wa mmoja wao ulibadilika, hiyo ni taarifa tosha, nami huiandika. Kwenye kikundi chetu kuna dada asiyesoma matukio ya chumbani, na kuna mwingine anayeyatafuta. Wote wawili wanahitaji kuelezwa bila haya: yapo au hayapo, yameandikwa waziwazi au kwa mafumbo, yanaanza wapi. Kama kuna kubakwa, kipigo au kifo cha mtoto, taja juu kabisa. Riwaya za kale hizi huyaleta mambo hayo ghafla, na huwezi kujua anayesoma maoni yako amepitia nini.

Kuhusu kufichua mwisho, nina kanuni. Mwisho wa ngano ni mali ya wote. Kwamba Janet anashika hadi mwisho watu wameimba kwa karne nyingi. Kile alichokibuni mwandishi mwenyewe, usikiguse.

Tuseme basi umesoma riwaya ya Tam Lin iliyowekwa mwaka 1747. Maoni yangu yangekuwa hivi:

"Imejengwa juu ya Tam Lin, ila imehamishiwa Nyanda za Juu, mwaka mmoja baada ya Culloden. Kuna vifo vya vita na mtoto mmoja anafariki. Matukio ya chumbani ni mawili, ya wazi. Nilianza na wasiwasi kwa sababu ya kuhama huko, lakini mwandishi ameitumia marufuku ya mavazi vizuri: joho ambalo msichana anamfunikia mpenzi wake ni la tartani, na kwa kumfunika anamtia hatarini. Usiku wa kushika umepewa sura nzima, na nilisoma nimesimama jikoni. Udhaifu ni Malkia. Anatisha mara moja tu, kisha anageuka mwanamke mwenye wivu wa kawaida. Ukipenda mwanamke anayetenda, kisome. Ukitafuta vita na siasa, utachoka mapema."

Ona kwamba hakuna nyota humo. Nyota ninaziweka mwisho, baada ya maneno, kwa sababu nikianza nazo najikuta nayapinda maneno yazitetee.

Msomaji mwenzako akikupinga, mpeleke kwenye sura. Mwambie ni tukio gani, nani alisema nini. Mabishano yetu makali yamekuwa juu ya mvuvi mmoja aliyeficha ngozi ya selki kwa hofu ya kumpoteza. Nusu yetu tulimsamehe, nusu hatukumsamehe, na maoni yote mawili yaliandikwa kwa hoja, na yote mawili yaliwasaidia waliosoma baada yetu.

Jambo la mwisho ni kutaja ulikipataje. Kama ulisikiliza badala ya kusoma, sema, na mtaje msimuliaji alivyofanya. Mazungumzo ya riwaya hizi yamejaa Kiskoti, ambacho kwenye karatasi kinaweza kukuchosha macho hadi ukaacha kitabu, ilhali kikisomwa na mtu aliyekulia Fife au Aberdeen kinateleza na unakielewa. Kuna vitabu ambavyo nisingevimaliza kwa macho, na nilivimaliza kwa masikio nikiwa kwenye basi la kwenda kazini.