Taa ya injini imewaka? Anza hivi kabla hujanunua sensa

Taa ya injini ikikuwakia na we uko kwenye foleni ya feri Likoni, kwanza iangalie inafanya nini. Kama ni ya manjano na imetulia, na gari inavuta kama kawaida, basi utafika nyumbani, endesha tu polepole. Lakini ikiwa inapepesa hapo injini inamisi vibaya, yaani petroli haiungui sawasawa ndani ya silinda, na petroli ambayo haijaungua inaingia kwenye ekzosi na kuichoma katalitiki (kile kisafisha moshi kwenye ekzosi), na katalitiki si kitu cha kununua kwa mchezo, kwa hivyo egesha. Nyekundu ya oili ama ya temprecha usijadiliane nayo, toka barabarani, zima injini hapo hapo.

Ukifika nyumbani tafuta kidude cha bluetooth cha kusoma kodi (zile namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari huhifadhi), ni cha bei nafuu, na kwenye simu weka programu kama Torque. Tundu lake lina pini 16, liko chini ya dashibodi upande wa dereva, inama utaliona. Kichomeke hapo, weka swichi oni, soma. Gari nyingi za Japani tunazoendesha hapa zinakubali, ila zile za zamani kidogo kuna zinazogoma, hizo zinataka mashine kubwa ya fundi.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapoliwa pesa. Kodi inakuonyesha pa kutafuta, haikwambii kilichokufa ni nini. Mie niliwahi kupata P0171, maana yake injini inapata hewa nyingi kuliko petroli, fundi mmoja akanibadilishia sensa ya oksijeni, siku ya tatu taa ikarudi. Kumbe hosi ya hewa baada ya eya klina ilikuwa imepasuka kwa chini, mahali huoni mpaka uipinde kwa mkono. Pesa ya sensa ikaenda hivyo hivyo na iliniuma sana, ndo maana naandika haya.

Tuseme umepata P0301. Tarakimu ya mwisho ni silinda, kwa hivyo ni silinda ya kwanza inamisi, P0303 ni ya tatu, na P0300 ni kumisi ovyo ovyo bila silinda maalum. Usikimbilie kununua koili (ile inayopeleka moto kwenye plagi)! Iandike kodi mahali, zima gari, ngoja injini ipoe, kisha chomoa klipu ya koili ya kwanza (taratibu, plastiki ya zamani inavunjika kama biskuti), fungua bolti, kwa Toyota nyingi ni spana namba 10, ivute juu moja kwa moja. Ichukue uiweke silinda ya tatu na ile ya tatu uilete ya kwanza. Futa kodi, endesha kidogo, soma tena. Ikiwa imehamia P0303 basi koili ndo mbovu, nunua moja tu, si nne. Ikibaki P0301 rudia mchezo huo huo na plagi. Ukimaliza hayo na bado imeganda palepale, inaweza kuwa injekta (inayopulizia petroli) ama kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), hapo mpelekee fundi na umwambie ulichokwisha jaribu, asianze upya kwa pesa yako.

Na sisi wa pwani tuna adui mwengine, chumvi. Upepo wa bahari unakula pini za waya mpaka zinakuwa kijani, sensa ni nzima lakini haiongei. Kabla ya kubadilisha sensa yoyote chomoa soketi yake, itazame kwenye mwanga, pulizia dawa ya kusafisha kontakti, sugua na mswaki mkuukuu, acha ikauke, rudisha. Mie gari zimeshapona kwa hilo tu, bila kununua kitu.

Betri nayo hivyo hivyo, ule unga mweupe kwenye vichwa vyake toa kwa maji ya moto na brashi, ukianza kufungua upande wa hasi. Kama ni taa ya betri ndo imewaka, pima kwa mita: gari ikinguruma unataka volti kama 13.8 hadi 14.5, ikibaki 12 na kitu ujue altaneta haichaji ama mkanda umelegea.

Mwisho futa kodi, endesha siku mbili tatu za kawaida, mjini na barabara kuu, halafu soma tena hata kama taa haijawaka, maana kuna kodi huwa zinajificha kabla ya kuwasha taa.