Biskuti za karanga bila unga wa ngano
Wapendwa wa Dodoma, msimu huu mkipata karanga za Kongwa, kaangeni, sageni, mpike biskuti. Siagi ya karanga ya nyumbani hupandisha mafuta juu, kwa hiyo ikoroge vizuri kwanza, la sivyo biskuti zitamomonyoka. Kikombe 1 cha siagi hiyo, sukari kikombe 1 (mimi naweka robo tatu, inatosha kabisa), yai 1, chumvi kidogo. Changanya vyote, viringisha vidonge, bonyeza kwa uma. Oveni nyuzi 180, dakika 10 hadi 12. Kwa jiko la mkaa, makaa mengi yakae juu ya mfuniko, chini machache tu, maana karanga huungua upesi. Zikiiva zitakuwa laini mno. Usiziguse! Ziache zipoe dakika 10, zitakaza zenyewe.