Ukisikia shombo huko chini, usikimbilie shabu

Shoga yangu, mimi nilikimbilia. Natumia ARV, dawa za VVU, mwaka wa tisa huu, na majimaji ya kijivu yalipoanza kunuka shombo, nilijiosha ndani kwa shabu na ndimu za sokoni Kongowea. Moto nilioupata! Harufu nayo ikazidi, maana kujiosha ndani huua bakteria wazuri wanaoulinda uke.

Nenda kliniki, sema waziwazi, upimwe. Mimi nilipewa metronidazoli, vidonge vya kuua bakteria wabaya, asubuhi na jioni kwa siku 7. Mdomoni ni kama umelamba msumari, lakini nilimaliza zote, ingawa harufu ilikata mapema. ARV usiruke hata siku moja. Osha nje tu, kwa maji matupu. Una mimba, au tumbo la chini linauma na homa ipo? Nenda leo leo.