Kuwasha monita ya GlassFish kwa komandi tu

Haya ndugu zangu, kama seva yako ya GlassFish (ile inayoendesha programu za Java) inakaba kila jioni na hujui shida ni memori au thredi (nyuzi zinazofanya kazi za seva), usikimbilie kuristati, mimi nilifanya hivyo wiki nzima hapa Ntinda, Kampala, sipati kitu. GlassFish yenyewe ina monita, yaani vipimo vya ndani vya kuiangalia seva, ila moduli zote zinakuja zimezimwa, yaani OFF.

Ingia kwenye seva kwa SSH (yaani kwa mbali, kupitia terminali), nenda folda ya bin ya GlassFish, andika hivi (jvm ni Java yenyewe, ndimo ilimo memori, thread-pool ni thredi):

./asadmin enable-monitoring --modules jvm=LOW:thread-pool=HIGH

Ukiulizwa pasiwedi ni ile ya admini, wala huna haja ya kuristati. Halafu:

./asadmin get --monitor "server.jvm.memory.*"

Usisahau hizo alama za kunukuu, bila hizo sheli (programu inayosoma komandi zako) inaweza kuila nyota yako. Tazama usedheapsize-count-count, namba ni baiti, rudia mara kadhaa kila baada ya dakika chache, kama inapanda tu haishuki basi huenda memori inavuja. Kama bando lako ni la kuungaunga komandi ni tamu kuliko ile paneli ya admini ya kwenye brauza, poti 4848, inafunguka kama jam ya Jinja Road.

Ukimaliza rudisha thread-pool=OFF kwa komandi ile ile ya kwanza, HIGH inailemea seva kidogo.