Injini ikizima hujafika futi mia saba

Kila mwanafunzi ninayempandisha Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, pale uwanja wa Wilson, Nairobi, namwambia: chagua pa kutua kabla hujaachia breki. Kwa hiyo tukiwa bado kwenye mstari wa kusubiri, kabla hajauita mnara, namtaka aseme kwa sauti ninayoisikia: "Injini ikikohoa ningali chini, naondoa nguvu yote na kushika breki. Ikizima chini ya futi mia saba, natua mbele yangu. Juu ya hapo ndipo nitafikiria kugeuka." Wengine huona haya, kana kwamba wanaitabiria ndege mabaya. Sijali, waseme tu.

Hizo futi mia saba ni kutoka uwanjani. Wilson yenyewe iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, basi piga hesabu ukiwa chini: ni pale sindano ya kimo inapopita 6,200. Mia saba si amri ya serikali; ni kiwango changu kwa mwanafunzi na ndege hii. Mwalimu wako akisema elfu moja, mfuate.

Tazama pia unaelekea wapi. Ukiruka kwa barabara ya ndege namba 14, mbele yako kuna Mbuga ya Nairobi, nyasi tele. Ukiruka kwa 07, upande huo ni Nairobi West na South C, na hapo lazima uwe umeshajua uwazi ulipo: kiwanja cha mpira, barabara pana, chochote kisicho na watu wala ukuta. Ukitafute ndani ya nyuzi thelathini za pua ya ndege, kulia au kushoto.

Sasa imezima. Kabla ya jambo lolote, sukuma usukani mbele. Ulikuwa unapanda, pua iko juu, na mwendo unakwisha katika sekunde chache. Mkono utakataa, kwa sababu ardhi iko karibu na mwili wote unataka kuikimbia. Sukuma hivyo hivyo hadi sindano ya mwendo ikae kwenye noti (maili za baharini kwa saa) 65 kama flapi, vile vibao vya nyuma ya mbawa, ziko juu, au 60 kama ziko chini. Hizo ni za 172N ninayofundishia. Ya kwako soma kitabu chake.

Kishawishi cha kurudi uwanjani kimewaua marubani wengi. Kiwanja kiko nyuma, kizuri, kina lami na gari la zimamoto. Lakini nusu duara haitoshi kukirudisha mbele yako, kwa maana ukigeuka unakuwa umeshatoka pembeni. Utahitaji zaidi ya nyuzi 200, kisha ugeuke tena kujinyoosha. Ukilaza bawa nyuzi 45 ili uwahi, mwendo ambao mbawa huacha kubeba ndege unapanda kutoka noti 50 hadi karibu 60, na wewe una 65. Ukivuta usukani kidogo tu, bawa moja linadondoka, na chini ya futi mia saba hakuna nafasi ya kulirudisha.

Hata ukifaulu, utatua upepo ukiwa mgongoni. Adhuhuri yenye joto la nyuzi 25, hewa ya Wilson ni nyepesi kama ya futi 8,000, na sindano ya mwendo ikisoma 60 mwendo wako halisi ni karibu 68. Upepo wa noti 10 usoni unakugusisha ardhi kwa 58. Mgongoni, kwa 78. Nguvu ya kugonga inakaribia kuwa mara mbili.

Ukiwa umeshika mwendo na umechagua mahali, funga mafuta, zima sumaku zinazoipa injini cheche, teremsha flapi, kisha zima swichi kuu. Fungua kitasa cha mlango, usije ukabanwa fremu ikipinda. Mnara uambie "meidei", wito wa hatari, mara tatu kama una pumzi. Kama huna, wanakuona. Usihangaike kuwasha injini tena.

Gusa ardhi kwa mwendo mdogo kabisa, mbawa zikiwa sawa. Kama kuna miti miwili, pitisha mwili wa ndege katikati na uache mbawa zigonge. Ndege ina bima.

Asubuhi, kabla ya yote haya, chota mafuta chini ya kila tangi na uyatazame kwenye mwanga: maji hukaa chini. Hakikisha kiteuzi cha matangi kiko kwenye yote mawili.

Mkishatua, tokeni wote, mwende upande upepo unakotoka. Mabegi na simu viacheni. Kama ni mbugani, moto usipowaka baada ya muda, rudini karibu na ndege na msubiri hapo. Msianze kutembea kutafuta lango. Kule kuna simba.